Chupa Iliyolala kwa Bwana Mifugo

Mkula, 3 Machi 2024

Kabula, mjukuu wangu,

Mwangaluka. Mimi nimeamka, magoti bado yanabishana. Anayeandika ni Philomena, mke wa katekista, yule jirani wa ng'ambo ya josho. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha asiongeze kitu wala asipunguze, na nikisema neno baya aliandike hivyo hivyo baya.

Utauliza kwa nini barua na Philomena ana simu. Kwa sababu kwenye simu wewe ni mwongo. Unasema, "Niko poa, Bibi," halafu mtandao unakatika, nabaki na hiyo poa yako nimeishika kama kikombe kitupu. Barua haikatiki. Nitasomewa mara mbili, na ukinidanganya, mara ya pili nitakukamata. Konda wa basi la asubuhi la Mwanza amekubali kuzibeba, kwenda na kurudi.

Tangu walipokutoa titi huko Mwanza hujaniambia kitu cha maana. Nilikulea tangu mama yako Salu alipofariki, ulikuwa hata kukaa hujui. Leo ni mwalimu huko Bariadi, una watoto wa watu sabini darasani, unaona huyu mzee wa Mkula hatakuelewa. Nieleweshe. Sikusoma, lakini sikuzaliwa bila kichwa.

Halafu kaka yangu Machibya kila siku yuko hapa. Anataka tukupeleke kwa nfumu wake, yule mganga wa Lalago, anasema dawa ya hospitali ni maji ya chumvi tu. Nimemwambia asubiri nijue kwanza hiyo dawa inafanya nini ndani ya mwili. Kwa hiyo usiponijibu, utakuwa umemjibia Machibya.

Unakula? Nimempa konda michembe ya viazi. Usiwape wauguzi yote.

Ni mimi bibi yako, Kija

*

Mwanza, 7 Machi 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Michembe imefika. Nimewapa wauguzi kidogo tu.

Umetaka ukweli, basi kaa chini kwanza. Ugonjwa haukuishia kwenye titi. Umehamia kwenye ini. Niliambiwa mwezi wa kumi nikashindwa kukuambia.

Sasa dawa. Walichukua kinyama cha uvimbe wakakipima, wakakuta seli zangu za ugonjwa zina kitu kama masikio, tena mengi kupita kiasi. Seli ya kawaida ikiitwa "kua" inasikia kidogo, inakua kidogo, inatulia. Zangu zinasikia kama zimewekewa spika ya harusi. Zinakua usiku na mchana. Dawa yangu haichomi kila kitu kama ile iliyoninyonyoa nywele. Ni kingamwili, yaani askari kama wale ambao mwili wenyewe unawatengeneza ukiugua, ila hawa wametengenezwa kiwandani na wamefundishwa kazi moja tu: kulitafuta lile sikio, kulikalia, kuliziba. Seli haisikii tena. Isiposikia, inanywea.

Naingiziwa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, na ilifanya kazi, Bibi. Picha ilionyesha uvimbe wa ini umepungua nusu. Daktari Gloria alinikumbatia. Lakini stoo imeisha. Nimeshakosa mara mbili, na hakuna anayejua mzigo mwingine utafika lini. Daktari anasema wale askari wanachakaa, wanaisha mwilini, na masikio yanazibuka.

Mjomba Dastan ameipata Nairobi. Anaileta mwenyewe kwa basi hadi hapa. Usiku anaofika, muuguzi Kwandu ataipokea. Mwambie Babu Machibya siyo maji ya chumvi.

Mjukuu wako, Kabula

*

Mkula, 17 Machi 2024

Kabula, ng'wana wane,

Mwadila. Nimesomewa barua yako mara tatu. Habari ya ini nimeimeza, nitashughulika nayo mwenyewe. Habari ya masikio nimeielewa kuliko anavyoielewa huyu Philomena aliyemaliza darasa la saba. Sisi tukitaka ndama aache kunyonya tunampaka mama yake mavi kwenye chuchu. Ndama anakuja mbio na mdomo wake, ananusa, anageuka. Ng'ombe yuko pale pale, maziwa yapo, lakini njia imezibwa. Kumbe dawa yenu ni hiyo! Ni kuupaka ugonjwa mavi ushindwe kunyonya! Philomena alitaka kuandika "kinyesi". Nimemwambia andika mavi, Kabula amekua nayo.

Nimemwambia hivyo Machibya, akaenda kwake kabla ya chakula. Mara ya kwanza tangu amezaliwa.

Sasa sikia jinsi bibi yako alivyoiokoa dawa yako. Dastan alifika barabarani Ijumaa jioni, akashuka aniamkie mara moja apande basi linalofuata. Anasema kuna mtu anamsubiri Mwanza. Nikamwambia, "Dastan, mtoto wa kiume anatoka nchi ya watu, miaka mitatu, anapita mlangoni kwa mama yake kama mwizi wa kuku? Watu watasema nini?" Akaingia. Nikachinja. Wajomba zako wakaja, wakakaa, wakauliza habari za Nairobi mpaka ugali wa pili. Basi likapita, akalala.

Asubuhi nafungua sanduku lake, barafu imekuwa maji ya kuogea! Dastan anakoroma. Nikasema hapa dawa haifi nikiwa hai. Nikaifunga kwenye khanga, mbio kwa Masele bwana mifugo, kwenye friji lake la chanjo za ng'ombe. Masele akaanza, "Mama, hii ni ya watu, masharti yake siyajui." Nikamwambia, "Masele, mwaka ule wa homa ya mapafu, chanjo iliyookoa zizi langu si ilitoka humu imeganda? Na ile aliyoipitisha Machibya juani, ng'ombe wake si walikwisha?" Akafungua friji. Anajua ni kweli.

Dastan akataka kuondoka hiyo Jumamosi, nikamwambia itulie kwanza, ishike baridi vizuri. Imelala humo mchana na usiku. Nilikwenda kuiona, jiwe tupu, ukiigonga inalia. Leo nimeitoa, nimeiyeyusha polepole kwenye maji ya mtungi, sikuisogeza karibu na moto. Dastan anapanda nayo basi alfajiri pamoja na barua hii. Nimemwambia imelala kwenye baridi ya Masele, amenishukuru sana.

Wakikuwekea, funga macho uwaone wale ndama wanavyogeuka.

Kija wako, niliyelala vizuri leo

*

Mwanza, 19 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Dawa imefika salama na nimewekewa jana. Nakushukuru sana kwa juhudi zako zote. Mjomba amesharudi Nairobi. Wasalimie wote nyumbani.

Wako mtiifu, Kabula

*

Mkula, 24 Machi 2024

Kabula,

Barua gani ile? Umeniandikia kama unamwombea ruhusa mkurugenzi. "Wako mtiifu." Tangu lini wewe ukawa mtiifu? Ulinipandia hadi juu ya ghala ukiwa na miaka minne, nikakuita ukanizomea.

Mara ya pili kusomewa nikasema hapa pana kitu. Mavi hukuyacheka. Machibya hukumuulizia. Philomena anasema labda dawa inachosha. Sawa, nitakubali inachosha, kwa sababu nataka kukubali.

Huku watu wanafurahi. Nimewaeleza wote kanisani, mpaka padri amenipa mkono. Na sasa sikiliza mpango. Dastan amempigia Philomena, anasema amepata chupa nyingine, italetwa baada ya Pasaka. Nimeongea na Masele. Amenipa nafasi yangu kwenye friji, kona ya chini kabisa, penye baridi ya kung'ata. Dastan ataishusha hapa kwanza, ikae hata siku nne igande mpaka ndani, ndipo ije kwako. Haitapata joto hata chembe. Tutafanya hivyo kila mara mpaka upone.

Niandikie vizuri. Nitukane kidogo nijue ni wewe.

Kija

*

Mwanza, 27 Machi 2024

Bibi,

Mwambie Dastan asiishushe. Nakuomba, kabla hujasomewa mbele, mwambie Philomena ampigie simu sasa hivi.

Umepiga? Haya.

Sikuwekewa dawa. Nilikudanganya.

Siku ile nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, sindano iko mkononi, Kwandu anaandaa dripu. Mjomba akanipa barua yako. Nilipofika kwenye ndama nilicheka mpaka mgonjwa wa pembeni akacheka bila kujua anachekea nini. Halafu nikafika kwa Masele.

Dawa hii inatakiwa baridi, lakini isigande, Bibi. Siyo kama chanjo ile ya ng'ombe. Ile inakaushwa ikawa unga, barafu ni rafiki yake. Hii ni majimaji, na wale askari wana umbo. Umbo ndilo linaloshika sikio. Wakiganda wanavunjika, wanashikana mabonge. Wanaingia mwilini, wanalipita sikio bila kulijua, na mwili wenyewe unaweza kuwageukia kama adui.

Na chupa ilikuwa safi kabisa. Angavu kama maji ya mvua. Kwandu asingejua. Daktari asingejua. Niliikunja barua yako nikaiweka chini ya paja. Nilitaka iingie, Bibi. Nilitaka tu kitu kiingie. Nilimwangalia Kwandu akichoma kizibo, ndipo mdomo wangu ukasema wenyewe, "Dada, iliganda." Daktari Gloria alikuja, akasoma ule ukurasa mmoja, akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Wakaitupa.

Nilikudanganya kwa sababu wewe ndiye ulikimbia na khanga. Sikuweza kukuandikia kwamba mbio zile ndizo zilizoiua.

Sasa ni wiki ya kumi na moja bila dawa.

Kabula wako, asiye mtiifu

*

Mkula, 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu

Kabula,

Philomena anaandika huku analia, nimemwambia akilowanisha karatasi ataandika upya.

Nimeiua dawa yako. Nimelisema mara moja na sitalirudia, kwa sababu nikilirudia utaanza kunibembeleza, na wewe huna nguvu za kupoteza kwa kumbembeleza mzee. Kanisani nilisimama leo kabla ya ibada nikasema, "Niliyowaambia Jumapili siyo. Dawa haikuingia. Niliigandisha mimi." Padri akaniangalia. Machibya akanifuata nje akasema Mungu amekataa hospitali, sasa twende Lalago. Nikamwambia, "Mungu hakukataa kitu. Ni mimi niliyekataa kumsikiliza Masele. Ukitaja Lalago tena nakupiga fimbo mbele ya wajukuu zako."

Nilimfuata Masele nikamwomba radhi. Amenionyesha kipimajoto, mshale mwekundu. Dawa nyingi za watu zinakaa juu ya mbili, chini ya nane. Mimi namba sizijui, amenichorea alama kwa rangi ya kucha ya mke wake. Nimeshinda na sanduku na chupa ya maji, naweka barafu, naifunga blanketi, natazama mshale. Barafu ikigusa chupa mshale unaanguka. Ukiweka blanketi katikati unatulia. Kumbe baridi nayo ina kiasi chake. Nimekuwa na ng'ombe maisha yangu yote, leo ndiyo nalijua hilo.

Sasa wewe. Uliniambia ini, hukuniambia macho. Mbuzi ini likiharibika macho yanakuwa manjano, hilo silihitaji shule. Chukua kioo. Niambie rangi. Usiniandikie kitu kingine chochote, niandikie rangi tu.

Kija

*

Mwanza, 2 Aprili 2024

Bibi,

Manjano.

Anaandika Kwandu, mimi kalamu siiwezi tena. Tumbo limejaa maji. Daktari Gloria anasema zile dawa kali hawezi kunipa tena, ini halitazibeba. Hii ya kuziba masikio haihitaji ini, kwa hiyo ikifika atajaribu. Amesema "nitajaribu". Zamani alikuwa anasema "tutaona picha mwezi ujao". Nimeanza kuyasikiliza maneno ya madaktari kama wewe unavyozisikiliza barua zangu.

Bibi, nimechoka kusubiri masanduku. Najua utakuwa barabarani kila siku unaangalia mabasi yanayotoka mpakani Sirari. Utataka kuishika dawa kwa mikono yako safari hii, usahihishe. Usisahihishe. Acha. Njoo wewe. Ikiwahi, iwahi. Isipowahi, sitaki unikute na chupa mkononi nikiwa nimeshaondoka.

Nataka unisugue mgongo na ile mikono yako yenye magamba. Kwandu ana mikono laini mno, hainikuni vizuri. Anacheka huku anaandika.

Kabula

*

Mkula, 3 Aprili 2024

Kwa mwanangu Dastan, Nairobi

Philomena ataipiga picha karatasi hii akutumie kwenye simu. Ningeweza kukupigia, lakini ukisikia sauti yangu utaanza kunituliza na sitaki kutulizwa, nataka kutiiwa.

Barafu isiguse chupa. Blanketi katikati. Nunua kipimajoto, mshale ukae katikati ya mbili na nane, uutazame kila basi linaposimama. Ukishuka, ondoa barafu. Ukipanda, ongeza. Usilale. Ukisikia usingizi simama. Usiliweke sanduku kwenye buti wala juani dirishani. Ukae nalo mapajani kama mtoto wa mtu.

Mpakani wakitaka kulifungua, wafungue kivulini na wewe umesimama hapo. Watoe wanachotaka, ila chupa.

Ukifika Mkula, basi likisimama, usishuke. Hata ukimwona Machibya anakupungia mkono. Hata wakikuambia nyumbani kuna msiba. Mimi mama yako nakuamuru upite mlangoni kwangu na usigeuze shingo. Watakaosema wewe ni mtoto wa ovyo, nitawajibu.

Mimi sitakuwepo. Napanda basi sasa hivi kwenda kwa mtoto. Mimi mzee ambaye sijafika Mwanza tangu Salu azaliwe! Ukinikuta nimekaa, mpe daktari wake sanduku. Ukinikuta nimesimama nje, usiniulize kitu, liweke tu chini.

Mama yako

*

Mwanza, 8 Aprili 2024

Philomena, jirani yangu,

Salamu kutoka hapa penye vitanda vingi. Anayeandika ni yule Kwandu wa kwenye barua. Ana mikono laini kweli, Kabula hakudanganya.

Nilimkuta. Hakunijua mara moja. Nilimpakata kichwa, nikamwita jina lake la utotoni, akafungua macho. Philomena, manjano yale ni kama ua la boga. Akasema, "Umekuja na nini?" Nikasema, "Nimekuja na mikono." Nikamkuna mgongo mpaka akalala. Mgongo wote ni mifupa. Nilimlea mnono, unakumbuka.

Dastan ameingia leo mchana. Amesimama tangu Sirari, miguu imevimba kama yangu. Anasema alipita Mkula akamwona Machibya kabisa, hakugeuza shingo. Daktari Gloria, kumbe ni binti mdogo tu, ameusoma ule mshale, akaniita pembeni. Akaniambia, "Bibi, ninampa. Lakini nisikudanganye, tumechelewa sana. Inaweza kumshika au isimshike." Nikamwuliza, "Ungekuwa mama yake ungempa?" Akasema angempa. Nikamwambia, "Basi acha maneno, lete dawa."

Kwandu ananiambia nikuandikie ukweli, kwa hiyo nauandika. Inadondoka sasa hivi. Tone, halafu tone. Ni maji tu kwa macho yangu, sioni askari wala sioni masikio. Kabula amelala, anapumua kwa kujikokota, pumzi inasimama kidogo, inaanza tena. Kila ikisimama na yangu inasimama. Sijui usingizi huu ni wa dawa au ni wa kuondoka. Nimemwuliza Kwandu, ameangalia dripu badala ya kuniangalia mimi.

Watu watakuja kwako kuuliza. Machibya atakuwa wa kwanza. Safari hii usiwatangazie kitu kanisani. Wasipike, wasishukuru. Na kina mama wakianza kufunga khanga viunoni waje kulia, wafungue, waende shambani, pamba haijapaliwa. Waambie Kija amesema hakuna habari. Kuna tone, na mtoto anapumua. Nitawaambia mimi mwenyewe siku ya kuwaambia, hata kama nitatembea kwa miguu kutoka huku.

Lazima niache sasa, Kwandu anataka mkono wake abadilishe dripu, na mimi nataka wangu.

Kija